Ukurasa wa Kumi na Mbili

Jumatatu, tarehe 3

Binti yangu ameandika kitabu! Haya, shajara, hujambo. Kitabu kizima, kwa mkono wake! Daftari la jalada la bluu, kalisahau mezani. Yeye hutengeneza tovuti za watu, na humo huweka mistari ya kompyuta inayomfaa, na maelezo chini yake: jinsi ya kuweka menyu katikati, jinsi ya kupunguza uzito wa picha ukurasa usichelewe kufunguka. Tabia hiyo kairithi kwangu. Mimi fundi cherehani, vipimo vya wateja wangu vyote vimo daftarini. Kichwa ni tenga, hakiweki maji.

Mama Cheti wa mlango wa pili, huyo aliyetundika cheti cha mwanawe sebuleni na kukiwekea taa, safari hii atanitambua.

Jumanne, tarehe 4

Nimelipeleka fotokopi binti akiwa bado kalala. Nakala ishirini. Ukurasa wa kumi na mbili nimeagiza ukuzwe: una neno moja refu, herufi na tarakimu zimechanganyika, halitamkiki. Elimu hiyo! Mwenye fotokopi kaupenda, kaubandika dirishani watu waone wino wake ulivyokolea.

Nimegawa mtaa mzima. Mama Cheti kaigeuza yake juu chini, akauliza ni dawa ya nini. Nikamjibu ni elimu, shoga, hainywewi kwa kijiko. Wivu tu!

Jumatano, tarehe 5

Balaa. Binti ana mteja mmoja tu, wa kwanza maishani mwake: mwenye duka la samani. Leo tovuti ya duka haina samani. Kitanda cha futi sita: picha ya mbuzi. Kochi la watu watatu: mbuzi yuleyule.

Mwenye duka kapiga simu, sauti ikanifikia kwenye cherehani. Kasema asipopata maelezo kufikia Ijumaa, kazi anampa mwingine. Binti anasema mtu kaingia kwa ufunguo halali, yaani neno la siri la kufungulia tovuti, na ufunguo huo uko mahali pawili tu duniani: kwenye kompyuta yake, na daftarini. Ukurasa wa kumi na mbili.

Sindano ikanichoma kidole. Nikasema kichwa kinaniuma, nikaenda kulala saa nne asubuhi.

Alhamisi, tarehe 6

Nimezunguka kukusanya nakala. Kumi na tisa. Ya ishirini Mama Cheti katandika kabatini chini ya vikombe, hataki kuitoa. Mwenye fotokopi kaniambia kwa furaha kwamba vijana wawili waliipiga picha ile ya dirishani. Nikaibandua kwa kucha.

Nikaenda kukiri. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, yakatoka matatu: ni mimi, mwanangu.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema kosa ni lake pia, ufunguo hauwekwi pamoja na mistari mingine. Hapo ndipo paliponiuma. Kisha akaniuliza polepole: mama, lile daftari lako la vipimo, ungelibandika dirishani?

Kiuno cha mke wa mwenye fotokopi kimo humo, mwaka wa kumi na moja huu. Hata mumewe hakijui. Nimelilowesha gauni la mteja kwa machozi.

Ijumaa, tarehe 7

Binti kabadilisha ufunguo. Makochi kayarudisha yote kutoka nakala ya akiba. Kumbe ukurasa wa kwanza ulisema: kabla ya kugusa chochote, weka nakala. Mimi niliuruka, haukuwa na alama za kupendeza.

Mwenye duka kakubali kumjaribu mwezi mmoja zaidi. Binti alimweleza kila kitu, ila jina langu hakulitaja. Nilikuwa nyuma ya pazia, nimesikia. Majuto ni mjukuu, wanasema. Mimi mjukuu sina bado, majuto ninayo tele.

Jumapili, tarehe 9

Binti kaniapisha daftari lisitoke tena nyumbani. Nimeapa kwa mikono miwili. Halitatoka! Watu ndio watakaoingia.

Nimeshona kitambaa cha meza chenye maua, daftari litakaa katikati, wazi. Ufunguo mpya hakuuandika popote, anao kichwani. Kichwa cha mwanangu si tenga kama changu. Basi atasimama autamke kwa sauti, herufi kwa herufi, mbele ya wageni. Yeye bado sijamwambia, nataka afurahi ghafla. Mwenye duka la samani nimemwekea kiti cha mbele. Mwenye fotokopi anakuja na mkewe, na wale vijana wawili waliopiga picha dirishani. Mama Cheti kauliza kama aje na kalamu. Nikamwambia aje nayo.

Jumamosi, saa tisa alasiri, waje wote.