Kichwa cha Tano Mlimani

Alhamisi, 23 Aprili
Kamati ya jumuiya yetu huku ughaibuni imempa Abdulnasir kazi! Jumapili ni sikukuu ya Muungano, na ukumbini Perry Barr wanataka mlima wenye vichwa vya viongozi wanne, kama ule wa Wamarekani. Nani alichonga kibao cha mlango wa kamati? Mimi, Suhail. Nani kapewa mlima? Mpiga plasta wa Northfield. Nunu, mke wangu, anasema anastahili. Chai imenishinda.

Ijumaa, 24 Aprili
Nimekwenda na Nunu kuutazama mlima, kwa nia njema kabisa. Kautengeneza kwa vile vipande vyeupe vinavyokuja na friji, umekaribia dari. Kisha kaupaka udongo wa aina mbili: wa bustani yake, ndiyo Bara, na wa bustani ya shemeji yake Mzanzibari, ndiyo Visiwani. Kila kichwa na maana yake: uhuru, umoja, kazi, amani. Nunu katokwa na machozi. Mimi sijawahi kumliza kwa uzuri.
Pembeni kuna mwamba mtupu. Nimeupenda ule mwamba.

Jumamosi, 25 Aprili
Nimejitolea kupaka rangi. Abdulnasir alipokwenda kuswali adhuhuri nikamwambia atangulie, nakuja. Sikwenda. Kisu cha mkate, dakika arobaini: kichwa cha tano! Mimi mwenyewe, pua na kidevu. Kesho watauliza huyu wa tano ni nani, nami nitainuka taratibu.
Aliporudi akauliza huyu nani. Nikasema kamati imeagiza. Akakipaka udongo na hicho. Muungwana hahoji kamati.

Jumapili, 26 Aprili
Balaa. Mgeni rasmi, tajiri wa London, kasimama mbele ya kichwa changu. Kajishika kidevu.
"Jamani," akasema, "hamkuwa na haja ya kuniweka na mimi."
Nani amsahihishe mgeni rasmi? Ukumbi mzima ukapiga makofi, mwenyekiti kuliko wote. Nilikuwa nimeinuka nusu. Zainab, katibu, akanivuta shati nikae. Mgeni kamkumbatia Abdulnasir na kumwagiza mlima wa bustanini kwake. Nunu kapiga kigelegele. Nikamnong'oneza kwamba yule ni mimi. Akakitazama kichwa, akanitazama. Akasema pua ile ni ya mtu mwenye heshima zake.

Jumatatu, 27 Aprili
Abdulnasir kapiga simu. Anataka msaidizi wa mlima wa tajiri. Safari hii kichwa kimoja tu. Nikamuuliza kisogoni kutachongwa nini. Akasema hakuna kitu, kutabaki mwamba mtupu.
Nimekubali palepale. Nimeshanunua kisu kipya.