Wadudu Wekundu wa Madamu Mukashema

Jumatano, 26 Novemba 2025
Madamu Mukashema, mshonaji wa hapa Kabuga, amepanda pamba ya majaribio. Vitumba vinaharibika. Atakayemtambua mdudu mharibifu anapata kazi ya kudumu. Nimemwambia nilikulia Maswa, Tanzania, kwenye pamba. Maswa ni kweli. Ila baba alikuwa kinyozi. Mke wangu Gwiza keshatangazia kwaya nzima kwamba kazi nimepata. Jamani! Na kuna mshindani: Nyirarukundo, mwalimu mstaafu. Siku ya tatu anachungulia majani kwa lenzi. Atazeekea hapo.

Alhamisi, 27 Novemba
Nimemjua! Wadudu wekundu wako aina mbili. Warefu wanatembea wawili wawili, wameshikamana kutwa kama maharusi. Wenye ndoa zao hawaharibu mali ya watu. Wa mviringo, wenye madoa meusi, kila mmoja anazurura peke yake. Mhuni ndiye huyo. Nyirarukundo kaniuliza nimeona nini. Nikasema bado natafiti.

Jumamosi, 29 Novemba
Umuganda, siku ya kazi za pamoja. Nilimshawishi mkuu wa mudugudu, yaani kijiji chetu, tuache kuchimba mtaro, tuokote wahuni. Watu themanini! Ndoo tatu, nimezifunika kwa kanga za Gwiza. Nyirarukundo alikuwa Kanombe kumuuguza dada yake. Mungu hamtupi mja wake.

Alhamisi, 4 Desemba
Siamini. Majani yamejikunja, yananata, vidukari, vile vidudu vidogo vinavyofyonza majani, wametapakaa kila mahali. Nyirarukundo kafunua ndoo moja, akaketi chini. Kisha akanieleza polepole, akiniita mwanangu, kwamba hawa ni vibibi, ndio wanaokula vidukari. Na wale maharusi? Kangambili! Ndio wanaofyonza vitumba na kuchafua pamba. Madamu akauliza huko Maswa nilikuwa nikitazama nini. Nyirarukundo akawarudisha shambani vibibi waliobaki hai, akapewa kazi. Mimi nikapewa ndoo nioshe. Gwiza hajaenda kwaya. Anaona haya, na mimi nimeumia.

Jumamosi, 6 Desemba
Mzee Gakwaya ana mibuni Rwamagana, inakauka. Nimemwambia nilikulia Kagera. Leo nimekagua. Wadudu aina tatu. Aina mbili wanaishi kwa makundi, watu wa familia kabisa. Wa tatu yuko peke yake chini ya jani, hana hata rafiki. Nimeshamwagiza Mzee aite majirani, waje na ndoo.