Malalamiko Dhidi ya Mshauri Aliyemwondolea Mke Wangu Hofu ya Kutapika

Kwako Daktari Mkuu wa zahanati yetu,

Salamu na heshima. Mimi ni fundi cherehani. Duka langu linatazamana na lango lenu. Namlalamikia mama mshauri wa chumba cha mwisho, ambaye amemtibu mke wangu kwa maneno matupu, bila kidonge wala sindano, akamponya kabisa.

Mke wangu ni mwalimu wa watoto wadogo. Tangu utotoni aliogopa kutapika kuliko kufa. Mtoto akishika tumbo darasani, wa kwanza kutoka mbio alikuwa mwalimu. Nyumbani nyama ilichemshwa mpaka ikasahau ilikuwa mnyama gani. Tulizoea. Sasa tazama yaliyonipata:

1. Mshauri alimwambia kinachomtesa si matapishi bali kule kuyakimbia. Kila akikimbia, hofu inanenepa. Hilo nimelichukua kama tusi, maana aliyekuwa akimfungulia mlango akimbie ni mimi.

2. Akamwagiza alitamke neno "kutapika" mpaka alizoee. Alilitamka akinipakulia chakula. Zikafuata picha, kisha sauti za watu wakitapika, kwenye simu, sebuleni, mama yangu mzazi akiwa mgeni wetu.

3. Zamani hakupanda basi, hivyo ukweni tulituma salamu tu. Sasa tunakwenda. Wakwe zangu, Daktari, wana maongezi marefu.

4. Juzi mwanafunzi alimtapikia viatuni. Akamfuta, akakaa naye mpaka mamake alipofika, kisha akaja dukani analia. Nikadhani mambo yameharibika. Akaniambia, "Sikukimbia, mume wangu. Moyo ulikwenda mbio, miguu ikabaki." Tukalia wote wawili, na suruali ya mteja ikaungua chini ya pasi.

Kwa hayo, naomba mshauri aamriwe kumrudishia mke wangu hofu yake, walau nusu, ya kutumia tunapoalikwa ukweni.

Nisalimie wauguzi wote, na mzee wa langoni anayenilindia baiskeli.

Ni mimi jirani yenu mwenye subira,
Fundi wa ng'ambo ya barabara

Nyongeza: Nilikuwa nafunga bahasha mke wangu akaniita bafuni. Ametapika, leo kama jana, na anacheka. Miaka yote alikataa kubeba mimba kwa kuogopa kichefuchefu. Akaniomba nimshikie beseni. Nilipopata fahamu nilikuwa barabarani, bila viatu. Malalamiko nayafuta yote. Niulizie tu yule mama kama anapokea na wanaume.