Malalamiko Dhidi ya Muuguzi Aliyemuuliza Mama Yangu

Mheshimiwa Mama Muuguzi Mkuu,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima, maana ukiwa umeugua itanibidi nimwandikie mtu mwingine upya. Mimi ni kifungua mimba wa yule mama aliyelazwa kitanda cha dirishani, mwenye kilemba cha zambarau. Kazi yangu ni dalali wa mnada. Nasimama juu ya meza nikiuza makabati na majokofu yaliyotumika, na mtu akikohoa nahesabu amepandisha bei. Nyumbani wananiita Spika. Tangu baba afariki mimi ndiye msemaji wa familia, na hakuna aliyewahi kulalamika, kwa kuwa malalamiko nayo hupitia kwangu.

Kwa heshima zote, ninamlalamikia muuguzi wako mmoja, yule mfupi mwenye mwanya. Makosa yake ni haya:

1. Hakutosheka nami. Siku ya kwanza nilisimama kichwani pa kitanda, koo nimeshalisafisha, nikamweleza hali ya mgonjwa: tunaumwa tumbo, hatulali, chakula hatutaki kukiona. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanishukuru, kisha akavuta kigoda, akaketi, akamgeukia mama. "Shikamoo mama. Ungependa nikuiteje?" Mama yangu ni mtu mzima, anaitwa mama, basi. Lakini kwa kuwa aliulizwa, alifikiri, akasema angependa kuitwa Bibi Harusi, kama marehemu baba alivyokuwa akimtania wakiwa peke yao. Kufika jioni hata mfagiaji alikuwa anamwita Bibi Harusi. Mimi mwanawe jina hilo nililisikia pamoja na mfagiaji.

2. Anaeleza. Katika hospitali nilizozizoea, sindano ilikuja kwanza na maelezo hayakuja kabisa. Uliambiwa "Geuka!", ukageuka. Ulipona au hukupona, lakini hukupotezewa muda. Huyu anasema dawa ni ya nini, itauma kiasi gani, na ukitaka asimame kidogo umwambie. Mama akamwambia asimame. Akasimama! Sindano ikangoja hewani kwa amri ya mgonjwa. Tukienda hivi, mheshimiwa, nidhamu itatoka wapi?

3. Hili ndilo zito. Daktari alituambia sisi watoto kwamba mama ana uvimbe tumboni na lazima apasuliwe. Tukakaa kikao kwenye benchi la nje, mwenyekiti mimi, tukaazimia asiambiwe. Tulimwambia ni gesi. Ili uongo upate miguu, kila asubuhi nilimletea chupa ya maji ya tangawizi. Muuguzi wako nilimpa azimio hilo waziwazi. Hakubishana nami. Alisema tu kwamba yeye hatamdanganya mama, na wala hatamlazimisha kusikia asichotaka. Kisha akamuuliza mbele yangu, "Bibi Harusi, ungependa kujua kiasi gani kuhusu ugonjwa wako?"

Mama akacheka. "Mwanangu, naujua tangu daktari aliponibonyeza tumbo, halafu akaenda kuongea na huyu badala yangu. Nimenyamaza kwa ajili yake. Nikisema najua, ataanguka."

Kumbe tangawizi yote ile, kali vile, aliinywa huku akijua.

4. Sikuanguka. Nilitoka nikaenda koridoni kuangalia ukuta, na muuguzi akanifuata. Hapo ndipo aliponikosea hasa. Mwanamume akizidiwa huambiwa ajikaze. Yeye hakuniambia nijikaze. Alisimama karibu yangu, asiondoke. Matokeo yake sikujikaza. Nililia kwa sauti ya mnada mbele ya foleni nzima ya vipimo, mpaka baba mmoja aliyeshika kichupa cha mkojo akaja kunipa pole kwa mkono uliobaki.

5. Mama aliulizwa anataka nini, na kweli akataka. Sisi tulishaamua operesheni ingoje mdogo wangu arudi safari, halafu mama ahamie kwangu, chumba nimeshakipaka rangi. Mama akasema apasuliwe mapema, kisha aende kwa kitinda mimba wetu, msusi, kwa kuwa kwa Spika hakuna mtu anayewahi kumaliza sentensi. Basi alipasuliwa. Aliomba muuguzi amshike mkono mpaka mlangoni, akashikwa. Uvimbe ukatolewa, majibu ya maabara yakaja mazuri, na sasa anakaa saluni kwa binti yake akiwashauri wateja mitindo. Matokeo siyalalamikii. Nalalamikia utaratibu.

6. Kuuliza kunaambukiza. Mama ameondoka nako wodini. Sasa anawauliza wajukuu kama wangependa kuoga kabla ya kucheza au baada, nao, watoto wa watu, wanamjibu. Juzi mke wangu aliweka mwiko chini, akaniuliza, "Na wewe, baba watoto, unajisikiaje?"

Nikamwambia, "Tunajisikia vizuri."

"Sijawauliza ninyi," akasema. "Nimekuuliza wewe."

Nilitafuta jibu mpaka ugali ukapoa. Na kesho yake mnadani mtu alikohoa, nami, badala ya kupandisha bei, nikasimamisha mnada kumuuliza kama anataka kabati au anaumwa. Alikuwa anaumwa. Kabati limebaki.

Kwa hiyo naomba muuguzi huyu apelekwe kwa yule dada wa dirisha la kadi, ambaye hajainua uso tangu dirisha hilo litobolewe, akajifunze kazi. Ikishindikana, ahamishiwe chumba cha maiti, ambako akiuliza hatajibiwa. Ingawa kwa jinsi nilivyomwona, sitaweka dhamana.

Nisalimie madaktari wote, wafagiaji, mlinzi wa getini anayefukuza wageni kwa adabu, na yule mama wa kitanda jirani. Mwambieni kanga aliyoazimwa na mama si lazima airudishe.

Ni mimi, kwa utii na kinyongo,

Spika,
kwa niaba ya familia (haijaulizwa)

Nyongeza: Nina kitu shingoni, chini ya sikio la kushoto. Hakiumi, ila kinakua. Nyumbani nimesema ni jipu. Nakuja Jumatatu asubuhi, peke yangu, na sijui nitaanzaje kusema, maana sijawahi kujisemea mwenyewe. Nakuomba sana, mama, muuguzi yule awe zamu. Habari za uhamisho tuziache kabisa. Na kama umeshamhamisha, niambie yuko wapi, nitamfuata hukohuko.