Ndege ya Moto na Shuka Nyeupe za Mama

Jumatatu, 4 Agosti

Likizo. Niko kwa Koko, nyanya yangu, nje ya Kitengela, upande wa kwenda Kajiado. Mama amebaki mjini na duka lake. Mimi nimekuja na vitabu vya kidato cha tatu ambavyo sitafungua.

Habari kubwa! Kaunti inataka kununua ndege ya kuzima moto wa nyasi. Kwa wiki moja wameleta ya majaribio, ndogo, ya manjano, inabeba maji tumboni. Imepita juu ya boma jioni. Mbuzi walikimbia, mimi pia nilikimbia. Koko hakukimbia. Aliinua mkono akaisalimia kwa Kimaasai kama mwanamke mwenzake: Takwenya!

Mwaka jana moto ulitoka barabarani ukala olokeri yote. Olokeri ni ile nyasi tunazungushia miiba karibu na nyumba, hailiwi na ng'ombe wakubwa, ni ya ndama peke yao. Ndama watatu walikufa njaa. Koko hakusema neno wiki nzima, na Koko ni mtu wa kuongea hata na sufuria.

Mwaka huu kuna Nanyokie, ndama mwekundu, mama yake alikufa. Anakula olokeri na kunyonya kidole changu. Moto ukija tena, kwisha.

Kwa hivyo ndege lazima ikae huku kwetu. Nimeamua. Jumatano kuna baraza, wananchi watoe maoni. Nitasimama niongee. Mimi! Nimefanya mazoezi mbele ya Nanyokie. Amenilamba.

Jumatano, 6 Agosti

Sitaki kuandika. Naandika.

Baraza ilikuwa uwanja wa chifu. Afisa anaitwa Bwana Mutunga, mtu mpole, koti kubwa kuliko yeye. Akasema ndege ikinunuliwa itahitaji mahali tambarare pa kukaa, na wataangalia ni wapi kunaungua zaidi. Akatoa namba ya simu ya kupiga mtu akiona moto.

Keziah akainua mkono. Bila shaka. Keziah ni jirani ya Koko, wamejenga plot ya kando yetu na geti nyeusi. Tunasoma darasa moja. Keziah huinua mkono hata mwalimu akiuliza nani amechelewa. Akasema ndege iwekwe Kimuka, kule shosho yake, yaani nyanya yake, anaishi, kwa sababu upepo wa milima ya Ngong unabeba moto mbio. Akataja mwezi na mwaka wa kila moto. Watu wakapiga makofi. Bwana Mutunga akaandika!

Halafu kipaza sauti kikaletwa usoni kwangu. Nikasema, "Supa." Watu wakaitikia. Nikasema tena, "Supa." Wakaitikia. Mara ya tatu mzee mmoja akasema, "Huyu ametusalimia vizuri, sasa atuambie." Nikaambia kaunti nzima, "Asante kwa chai."

Hakukuwa na chai.

Nikakaa. Koko akanipapasa goti njia yote ya kurudi. Alisema sauti yangu ni nzuri, tu haijatoka nje bado.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimefikiria mpaka ugali ukashika chini. Kimuka wana ushahidi. Sisi tuko na nini? Mwaka huu hatujaungua hata kidogo. Kwenye ramani ya Bwana Mutunga tutaonekana watu wenye bahati, na wenye bahati hawapewi ndege.

Mpango. Kesho nitaweka mavi ya ng'ombe makavu kwenye karai, pembeni mwa olokeri, niwashe. Moshi tu. Si moto. Mavi hayawaki, yanafuka, kila mtu anajua. Nitapiga ile namba. Ndege itakuja, itaona moshi, itaona mahali petu ni tambarare kama meza. Na ili rubani asikose, nitatandika alama kubwa chini, msalaba wa shuka mbili nyeupe. Niko nazo. Ni zile Mama alinipa nilete kwa Koko za kutandikia wageni, ziko na maua ya kushonwa. Koko hana wageni.

Sioni kasoro.

Ijumaa, 8 Agosti

Kasoro ilikuwa upepo.

Saa nne asubuhi. Koko alikuwa amepeleka mbuzi. Nilitandika shuka, nikazikanyagia mawe. Nikawasha karai. Moshi mzuri, mweupe, ulionyooka! Nilijisikia mhandisi.

Nikapiga ile namba. Mwanamke akasema, habari yako, una ripoti gani? Nikakata. Nikapiga tena. Akasema habari yako. Nikakata. Mara ya tatu akasema, "Wewe mtoto, simu hii ni ya moto." Nikakata haraka zaidi. Nilikuwa bado natafuta salio la ujasiri wakati upepo ulichukua karai ukaipindua. Kipande kimoja chekundu kikaanguka kwenye nyasi.

Ndugu shajara, nyasi ya Agosti ni kama karatasi.

Nilikanyaga. Nikakanyaga na sketi. Nyusi zangu zikaondoka. Nikapiga kelele, na hiyo sauti Koko alisema haijatoka, ilitoka! Nasikia ilifika mpaka barabarani.

Koko alikuja akikimbia. Sijawahi kuona Koko akikimbia. Alikuwa amevunja tawi la leleshwa, akaingia kwenye moto akipiga chini, pa, pa, pa, bila kuniangalia. Mama wa maboma ya jirani wakatokea na matawi na magunia mabichi. Keziah akaruka ua na ndoo ya maji ya kufulia, amevaa slipa moja. Tukapiga moto mstari mmoja, wanawake na matawi, mimi katikati nikilia na kupiga. Nanyokie alikuwa kwenye zizi, analia pia.

Ukafa. Kona moja ya olokeri ilikuwa imeungua, si kubwa kama nilivyoogopa, si ndogo kama ninavyotaka. Tukasimama tunahema.

Ndipo ndege ikaja.

Keziah alikuwa ameipigia. Hata moto wangu ameripoti yeye! Na ilikuja mbio, siwezi kuilaumu, ni wale mama walikuwa na mbio zaidi. Rubani akaona moshi wa mwisho, akaona msalaba mweupe, akafikiri tumemwekea alama ya pa kumwaga. Akashuka. Tumbo likafunguka.

Maji yote. Yote! Juu ya shuka, juu ya majivu, juu ya Koko, mama wa boma, Keziah na ndoo yake. Hakuna moto uliozimwa.

Na Koko akacheka. Akainua mikono akaita Enkai, Mungu wetu, shanga zote zinadondoka maji, akacheka kama msichana, na wale mama wakaanza kuimba. Hatujaona mvua tangu Mei. Nilicheka pia.

Halafu Koko akaangalia chini. Akaona maua ya kushonwa.

Akaacha kucheka.

Jumamosi, 9 Agosti

Bwana Mutunga amekuja na koti lake. Ameangalia kona iliyoungua, ameandika. Akauliza nani alitandika ule msalaba, rubani amesifu sana. Nikaangalia viatu vyangu. Koko akasema, "Ni mjukuu wangu." Bwana Mutunga akasema msichana ana akili. Akauliza moto ulianzia wapi. Koko akasema upepo ulikuwa mbaya.

Hiyo ni kweli. Lakini nilipoenda kutafuta karai, nilikuta imeoshwa, imepigwa mchanga mpaka inang'aa, imefunikwa nyuma ya nyumba. Si mimi niliiosha.

Koko anajua. Ameninyamazia. Leo ameongea na mbuzi, na sufuria, na redio. Mimi ameniwekea chakula tu.

Mama alipiga simu kuuliza kama wageni wamelalia shuka. Nilisema zimetumika.

Jumatatu, 11 Agosti

Kwetu ukikosea mtu mkubwa unaenda kwake na nyasi mbichi mkononi. Ukishika nyasi, yule mtu hawezi kukufukuza, lazima akusikilize. Na kwa mtu kama mimi ni mpango mzuri sana, kwa sababu nyasi ndiyo inaongea.

Shida: ni Agosti. Nimetembea mpaka mtoni, mto ni mchanga. Nimetembea kando ya barabara. Njano, kijivu, njano. Nchi nzima ya Wamaasai na hakuna mahali pa kuombea msamaha!

Isipokuwa nyuma ya geti nyeusi. Mama Keziah ana bustani ya nyasi, anainyweshea maji ya kufulia. Nilisimama getini nusu saa nikingoja ujasiri. Keziah akafungua akaniuliza kama nauza kitu. Nikamwambia nataka nyasi. Akauliza ya nini. Sijui ni nini kilinipata, nilimwambia yote. Karai, mavi, simu, shuka. Aliketi kwenye ngazi akacheka mpaka akashika mbavu. Halafu akaacha, akasema shosho yake wa Kimuka hulala nje msimu wa moto, kwa kiti, akiangalia mlima. Ndiyo maana yeye huinua mkono. Sikujua. Nilifikiri ni kiburi tu.

Akanikatia nyasi fungu zima, na mkasi wa jikoni.

Nilimpelekea Koko. Akaipokea. Akainusa. Akasema, "Hii imekunywa sabuni."

Akaigeuza mkononi.

"Ni ya jirani. Ulimkosea jirani?"

Akampa Nanyokie. Hata Nanyokie aliitema.

Jumapili, 17 Agosti

Tulitoka kanisani nikaenda kuketi kwenye majivu, kama kila siku. Na nikaona. Nilifikiri ni uzi. Nikashika. Ni nyasi! Pale palipoungua, pale ndege ilimwaga, imetoka, midomo midogo ya kijani, kwa umbo la msalaba kabisa mahali maji yalituama chini ya shuka.

Nikang'oa ya kwanza, fungu la vidole viwili. Nikakimbia. Nikasimama mbele ya Koko na mkono umenyooka, na sauti ikatoka, bila moto. Nikamwambia ni mimi, nilitaka ndege ikae hapa, ili asinyamaze tena wiki nzima kama mwaka jana.

Koko aliangalia ile nyasi. Akauliza nimeitoa wapi. Nikasema olokeri.

Akanipiga kofi dogo la mkono. "Nakerai, mtoto wangu, hiyo ni chakula ya ndama! Umekuja kuomba msamaha na mali ya Nanyokie!"

Halafu akanivuta, akanitemea mate kidogo kwenye paji la uso, baraka, pale nyusi zilikuwa. Akasema nikitaka asinyamaze, nikae karibu niongee. Ndege haijui kuongea.

Tulienda pamoja na Nanyokie. Alikula ule msalaba upande mmoja. Koko aliongea mpaka giza. Sikuwa nimegundua vile nilikosa ile sauti.

Jumanne, 19 Agosti

Ndege imeenda zake. Bwana Mutunga amesema wataketi wajadili kama wanunue, na ikinunuliwa ikae wapi. Keziah anasema Kimuka, mimi nasema hapa, tumekubaliana kubishana.

Nimejifunza mengi likizo hii. Nimejifunza kusema ukweli mapema. Nimejifunza kukaa na Koko. Nimejifunza kwamba upepo hauna adabu.

Lakini Nanyokie amemaliza ule msalaba wote. Na upande wa pili wa olokeri bado ni mkavu. Keziah anasema wataleta ndege nyingine ya majaribio Septemba, na yeye bado ana ile namba, na yeye haogopi kuongea kwa simu. Mama ana mapazia mawili meupe sebuleni, mapana kuliko shuka, maji yatatuama vizuri zaidi. Karai inang'aa, iko pale pale.

Safari hii nitaweka mawe pande zote.

Moshi tu.