Mbuzi Mwenye Tai Abaki Ofisini

Ndugu Mhariri,

"Picha ya mbuzi aliyevaa tai ni dharau kwa ofisi ya umma." Ndivyo alivyoandika Bwana Harrison, afisa wetu wa hapa Mwangatsa, katika gazeti lako la wiki iliyopita, akitaka picha hiyo ishushwe mara moja. Kwa heshima zote, amekosea.

Wasomaji waijue kwanza picha yenyewe. Ni nakala ya mchoro wa msanii wa mitaani wa Ulaya ambaye vijana wa dunia nzima humuiga. Msanii huyo huchora kuta za watu kwa siri. Wenye kuta huita polisi, kisha, wakisikia bei ya mchoro, huita wanunuzi. Mzungu mmoja wa Tiwi alipouza nyumba yake alituachia nakala hiyo, ikiwa na fremu na kioo. Eunice, karani wetu, aliitundika pale ilipokuwa picha ya kiongozi wa nchi aliyeondoka, kwa kuwa ya aliyeingia haijaletwa.

Nasi tumezoea kwamba kilicho ndani ya kioo, juu ya kiti cha afisa, ndicho serikali. Mzee Tsuma, mfugaji wa mbuzi wa kule Kinango, aliingia akavua kofia, akaitazama picha kwa makini, kisha akasema, "Hatimaye wamechagua mtu ambaye ukoo wake naujua."

Hoja zangu ni hizi:

1. Mbuzi anapatikana. Tukifika asubuhi yupo, adhuhuri yupo. Bwana Harrison tunamkuta gazetini.

2. Kadzo, mjane anayeuza samaki wa kukaanga, anataka sahihi moja tu ya afisa ili mjukuu wake, Rai, apate cheti cha kuzaliwa. Bila cheti mtoto hasajiliwi kufanya mtihani, na usajili unafungwa Ijumaa hii. Kadzo amekalia benchi la ofisi mpaka limemzoea. Afisa yuko Diani, hotelini, katika semina ya kuwahudumia wananchi kwa haraka. Juzi Kadzo alimgeukia mbuzi: "Shikamoo, bwana mkubwa. Shida yangu mimi ni sahihi tu."

Eunice akamwambia, "Mama, hiyo ni picha."

"Najua, mwanangu. Lakini huyu angalau ananitazama."

3. Mbuzi hajawahi kumwambia mtu arudi kesho.

4. Kwa hiyo ateuliwe kukaimu nafasi ya afisa. Atatia sahihi kwa kwato, wino upo. Anayesema kwato si halali atuonyeshe kwanza sahihi ya Bwana Harrison, kama kuna anayeikumbuka. Nimewauliza Imamu Alfani na Mchungaji Kitsao kama dini inakataza. Imamu alicheka mpaka akaomba maji. Mchungaji aliuliza kama mbuzi atapokea pia maombi ya mabati ya kanisa.

5. Akifanya kazi vizuri, apandishwe cheo hadi makao makuu ya Kwale, juu mlimani, ambako hewa ni safi na majani ni mengi. Sioni atakachokosa huko, wala sioni watakaomtofautisha na wenzake.

Basi nawadai ninyi wakubwa wa Kwale mnaolisoma gazeti hili mkisubiri chai ya saa nne: mwacheni mbuzi ukutani, mkabidhini muhuri kabla ya Ijumaa, na Bwana Harrison mwacheni amalize semina zake kwa raha.

Wasalimie wahariri wenzako, wapiga chapa, na hata yule aliyeipitisha barua ya Bwana Harrison bila kuisoma.

Ni mimi, nisiyechoka kudai,
Chome Ziro,
Mwangatsa.

Nyongeza: Nimepitia ofisini kabla ya kuituma barua hii, nikakuta ukuta mtupu. Eunice anasema waandaaji wa semina walisikia sifa za mbuzi, wakaja kumchukua. Sasa yuko Diani, nyuma ya meza kuu, na haijulikani atarudi lini. Kwa hiyo nazifuta hoja zangu zote, kuanzia ya kwanza. Bwana Harrison, ndugu yangu, huyo kumbe ni mwenzako kabisa. Mwache hapo alipo, panda bodaboda sasa hivi, uje na kalamu. Kadzo yuko kwenye benchi, na leo ni Alhamisi.