Sufuria ya Zubeda Ndani ya Betoni

Jumatatu, tarehe 27 mwezi wa saba, 1998

Honoré, weka tarehe kwanza. Umeweka? Aya. Andika: mi Bibi Fadhila wa Buyenzi, akili yangu iko nzima. Hiyo andika vizuri, juu leo kuna mutu amesema apana.

Huyu Honoré ni mupangaji wangu. Alikimbia vita kule Kamenge na godoro moja na kravati tatu. Mi sikusoma. Siku shule ilifika kwetu, mi nilikuwa nachambua muchele. Basi yeye ananiandikia, na ameapa kwa Bikira Maria wake kwamba Zubeda hatasikia hata neno moja.

Zubeda ni jirani, ukuta kwa ukuta. Leo tulikuwa kwa Rachidi wa garage, tunapanga harusi ya binti yake, Jumamosi ya wiki ijayo. Pilau ya watu mia mbili! Na mwiko wa harusi za mutaa huu ninao mimi, tangu mwaka wa uhuru. Mwiko murefu kama kasia. Zubeda akasimama mbele ya watu, akasema eti Bibi mikono inatetemeka, apumuzike. Apumuzike! Mi ni mutoto wa kulazwa?

Mashaka ya Rachidi ni makala, yale makaa ya kupikia. Lori hazishuki kutoka milimani, njia iko na bunduki. Amepata gunia moja tu. Zubeda akasema bila gunia tatu hakuna pilau. Mudomo wangu ukaruka wenyewe: mi naipika kwa nusu gunia! Rachidi akasema basi, mwenye kuweza kwa nusu gunia ndiye atashika mwiko.

Nimerudi nyumbani, nimekaa. Fadhila we, utaweza vipi?

Jumatano, tarehe 29

Nimepata! Betoni!

Marehemu mume wangu alikuwa anapikia Wazungu kule Kinindo. Nyuma ya nyumba yao kulikuwa jiko la betoni, simenti na mawe. Vijiti viwili tu, linawaka mpaka magaribi. Mume wangu alikuwa mutu wa Uvira, mupole sana, lakini akilala anakoroma mpaka mbuzi za jirani zinamujibu. Nilikuwa wapi? Betoni.

Simenti iko, ile ya kutengeneza choo. Choo kitangoja. Honoré amekunja uso, juu choo ni chake pia.

Nimemuita Atumani, fundi. Amesema mengi. Eti jiko la betoni linataka wiki tatu kukauka kabla ya moto. Eti mawe ya mutoni yanakunywa maji, nisiyatumie. Eti nikijengea juu ya sufuria, niipake mafuta ya gari ya zamani ili itoke, na betoni isipite kiuno cha sufuria. Nimemupa chai, nimemusindikiza mpaka barabarani. Wiki tatu! Bibi harusi azeeke? Na mafuta ya gari kwenye sufuria ya pilau! Watu watakula pilau ao watakula lori?

Alhamisi, tarehe 30

Sufuria kubwa kuliko zote mutaani ni ya Zubeda. Nimekwenda kwake na uso wa sukari, nimesema naomba sufuria nipime muchele. Amenipa! Amesema tu irudi vile ilivyokwenda.

Kazi imeanza. Kipande cha mugomba nimekisimamisha katikati, kingine nimekilaza chini kwa mulango wa moto. Ukivuta mugomba, unabaki shimo. Akili hiyo ni yangu! Juu nimeweka sufuria. Kisha betoni na mawe ya muto Ntahangwa, mazuri, ya bure. Nimeipandisha mpaka kwenye masikio ya sufuria. Nikaona bado inatikisika. Nikafunika na masikio yenyewe.

Honoré alikuwa anabeba maji, kravati ameitupa begani. Akauliza sufuria itatoka vipi. Nikamwambia ninyi watu wa ofisi munatafuta matatizo tu.

Jumapili, tarehe 2 mwezi wa nane

Mugomba umetoka na kamba, vizuri kabisa.

Sufuria haitoki.

Nimevuta. Honoré amevuta, miguu yote ukutani. Nimegonga na jiwe, nimemwaga maji ya moto. Nimesoma Bismillah. Honoré akamuita na Bikira wake, nikamuacha, leo musaada haukataliwi. Wapi!

Zubeda akauliza kutoka juu ya ukuta, sufuria yake iko wapi. Nikasema naisugua na majivu, ing'are. Akasema, "Majivu gani hayo yanapiga ngo ngo ngo, Bibi?"

Jumatano, tarehe 5

Yampaye inka! Mama we! Zubeda ameingia bila hodi.

Alizunguka jiko mara tatu kama mutu anayetafuta mulango wa nyumba. Kisha kwa sauti ndogo sana akaniuliza, "Bibi, masikio ya sufuria yangu iko wapi?" Nikamujibu yamelala. Akaomba nyundo.

Rachidi akaja mbio na mafuta ya garage mikononi. Akashika kichwa. Nyundo ikitoboa sufuria, nyingine ya watu mia mbili atatoa wapi, na hii ambargo, nchi jirani zimefunga mipaka? Akakata shauri: harusi itapikwa hapa hapa, kwangu. Nikapiga kigelegele! Kimeishia njiani. Juu Rachidi ameongeza: sufuria ni ya Zubeda, basi mwiko atashika Zubeda. Mi nitaonja chumvi.

Chumvi! Miaka thelathini na sita! Honoré, usiandike kwamba nimelia. Andika moshi.

Jumamosi, tarehe 8

Andika haraka, mikono yangu bado ina harufu ya mudalasini.

Asubuhi tumewasha. Nusu gunia, mbele ya macho ya watu. Moto mutamu! Maji yalichemuka kabla Rachidi hajamaliza kulalamika. Zubeda kwenye mwiko wangu, kiuno kinacheza, anawaambia wanawake eti pilau inataka nguvu ya ujana. Ana miaka hamsini na minane! Nilikuwepo alipozaliwa.

Muchele umeingia. Umeanza kukunywa maji. Mara: PAAA!

Katika muji huu hakuna anayeuliza kitu gani. Watu wote chini. Rachidi chini ya meza ya vitunguu. Honoré chini ya kitanda, kravati imebaki nje. Na Zubeda, mwenye magoti mabovu, ameruka ukuta! Mi nimeona na macho haya. Mwiko umebaki umesimama ndani ya wali peke yake, kama yatima.

Ushujaa mi sina. Lakini wali haujui vita. Ukiuacha, unaungua tu. Nikashika mwiko.

PAAA tena! Kipande cha jiko kikapita karibu na sikio langu. Nikakiambia nyamaza, napika. Sufuria ikainama kama mulevi, nikaiwekea tofali. PAAA ya tatu, masikio ya sufuria yote mawili nje! Nikapunguza makala, nikafunika, nikakaa kwenye kigoda changu.

Wakaja askari wa doria, mbio, bunduki mbele. Wakauliza, gruneti imepigwa wapi? Nikawaambia si gruneti, ni jiko. Hawakuamini. Nikafungua kifuniko. Mukubwa wao akavuta hewa, akafunga macho, akauliza kama kachumbari iko.

Zubeda alirudi kwa njia ya mulango, na vumbi mpaka kwenye nyusi. Akanyoosha mukono kutaka mwiko. Rachidi akatoka chini ya meza, akasema mbele ya askari na watu wote kwamba mwiko ni wa yule ambaye hakuuacha. Honoré, hiyo andika kwa herufi kubwa.

Watu wamekula na kushiba, wamefika kwao kabla ya kuvrefe, saa ya kukatazwa kutembea. Makala mengine yalibaki. Zubeda amebeba sufuria yake kichwani, sikio moja limepinda. Amesema mi nina wazimu. Lakini sahani alijaza mara tatu, nimehesabu.

Jumatatu, tarehe 10

Atumani amekuja kuangalia vipande. Amenieleza makosa: betoni mbichi, mawe yenye maji, ndiyo yaliyopasuka kwa moto, na mafuta ambayo sikupaka. Nimemusikiliza na sikio moja. Kosa la kweli nimeliona mimi mwenyewe: jiko lilikuwa dogo.

Sasa mukate umekuwa shida kwa hii ambargo. Mutaa muzima unangoja mukate, na mi simenti kidogo bado iko. Choo kitangoja. Tanuri, Honoré! La duara! Inatakiwa tu kitu kikubwa cha kujengea juu yake, chenye tumbo zuri. Na Zubeda ana beseni ya bati, ile ya kuogea, ameitundika ukutani bila kazi.

Honoré ameweka kalamu chini. Honoré, shika kalamu. Ao apana, iache, simama, nenda kwa Zubeda. Mwambie Bibi anakusalimu sana, anaomba beseni. Mwambie nataka kupima unga.